Uongo ndio silaha kuu ya Ibilisi katika vita vya kiroho

KATIKA makanisa mengi nchini Kenya, neno “vita” husikika zaidi Ijumaa usiku kuliko Jumapili asubuhi. Ni wakati wa mkesha ambapo waumini hupiga makofi, hukanyaga sakafu kwa vishindo na kumkemea kwa sauti kila pepo anayeaminika kuwafungia riziki, ndoa, kazi au afya, hadi majogoo yawike.

Ibada hizo si za kubezwa. Anayeisoma Biblia kwa makini hawezi kukwepa habari za Shetani. Yesu aliwatoa watu pepo, mitume wakafanya vivyo hivyo, na tangu karne za mwanzo Kanisa limewataka wanaobatizwa wamkatae Shetani na kazi zake zote. Wakatoliki na Waanglikana wangali wanatamka ahadi hiyo mbele ya kisima cha ubatizo.

Linalohitaji kuelezwa kinagaubaga ni aina ya vita vyenyewe: adui ni nani, anapigana kwa silaha gani, na muumini atajuaje kwamba ametekwa. Maswali hayo yaliwahi kuonekana kama mambo ya vyuo vya theolojia pekee. Tangu Aprili 2023, makaburi ya kwanza yalipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, yamekuwa maswali ya kufa na kupona.

MSHTAKI NA MSINGIZIAJI

Majina ya adui huyo yenyewe yanatoa fununu. Neno Shetani lilitufikia kupitia Kiarabu, na katika Kiebrania lina maana ya mpinzani, hasa yule anayesimama upande wa mashtaka. Ndivyo anavyoonekana katika kitabu cha Ayubu na katika maono ya nabii Zekaria, ambako anasimama kumshtaki kuhani mkuu Yoshua aliyevaa mavazi machafu.

Walioandika Agano Jipya kwa Kigiriki walimwita “diabolos”, yaani msingiziaji. Wataalamu wengi wa lugha wanaona kwamba hata jina Ibilisi, lililopitia Kiarabu vilevile, lina chimbuko lake katika neno hilo.

Majina yote mawili, basi, yanahusu kinywa. Hakuna linalotaja pembe wala kwato, mapambo ambayo wachoraji wa Ulaya walimvisha baadaye na ambayo yamehamia kwenye filamu za mitaani.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 8, Yesu anamtaja Ibilisi kama mwuaji tangu mwanzo na hapo hapo akamwita baba wa uongo. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja, na mpangilio huo unastahili kuzingatiwa. Mauaji ya Ibilisi hupitia katika maneno yake. Anayemwamini ndiye anayeangamia, aghalabu kwa mkono wake mwenyewe au wa jirani yake.

Hadithi ya bustani ya Edeni inaonyesha jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Nyoka haanzi kwa kumtisha Hawa. Anaanza kwa kuuliza swali kuhusu agizo la Mungu, analitia chumvi kidogo, kisha anamwachia mwanamke alisahihishe. Mazungumzo yakishaanza, uongo wenyewe unapenyezwa ukiwa umechanganywa na ukweli: macho yao yatafumbuliwa. Na kweli yalifumbuka, ila walichokiona ni uchi wao.

Simulizi la majaribu ya Yesu nyikani, katika Mathayo sura ya 4, linakwenda mbali zaidi. Safari hii mjaribu ananukuu Maandiko. Anamtaka Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, na ushahidi anaoutoa ni Zaburi ya 91, inayoahidi ulinzi wa malaika. Zaburi ni ya kweli na aya haikubuniwa, lakini matumizi ndiyo yaliyopotoka. Yesu anamjibu mara zote tatu kwa kitabu cha Kumbukumbu la Torati, na jibu la pili linakataa kabisa kumjaribu Mungu kwa kuhatarisha uhai.

Kuna jambo jingine katika sura hiyo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio. Yesu alikuwa amefunga siku 40, na Injili inasema wazi kwamba baadaye aliona njaa. Mfungo wake ulikuwa na mwisho. Majaribu yalipokwisha, malaika walikuja kumhudumia, kisha akarudi kwa watu, akala nao katika nyumba zao hata wapinzani wake wakamwita mlafi. Mfungo usio na mwisho haumo popote katika mfano huo.

ONYO KUTOKA JANGWA LA MISRI

Kanisa halikuanza jana kutafakari hila za aina hii. Waliozichunguza kwa kina kuliko wengine ni wamonaki wa Misri, mbali sana na vipaza sauti vya leo, na kiongozi wao maarufu alikuwa Antonio, aliyefariki mwaka wa 356. Aligawa mashamba aliyorithi, akaishi jangwani kwa miongo mingi, na maisha yake yakaandikwa na Athanasio, askofu wa Aleksandria.

Kitabu hicho cha Athanasio kimejaa mapambano na mashetani wanaotokea kama wanyama wakali. Wengi hukumbuka sehemu hizo. Sehemu yenye uzito zaidi ni hotuba ndefu ambayo Antonio anawatolea wamonaki wenzake kuhusu namna ya kutambua udanganyifu.

Anawaonya kwamba mashetani huweza kuja wakiwa na sura ya watawa, wakizungumza kama wacha Mungu. Wanaweza kuwaamsha watu usiku ili wasali na kuwanyima usingizi kabisa. Wanaweza hata kuwashauri wasile chochote. Antonio anasema wasisikilizwe hata wanapohimiza sala na mfungo, kwa sababu shabaha yao ni kumchosha mtu mnyofu mpaka akate tamaa.

Maneno hayo yalitoka kwa mtu aliyejinyima chakula maisha yake yote, si kwa mpinzani wa mfungo. Alijua kwamba jambo jema likisukumwa kupita kipimo huweza kuwa mtego, na kwamba mtego huo huwanasa hasa wale wenye bidii. Mvivu wa kusali hanaswi kwa kuambiwa asali mno.

Antonio aligusia pia suala la utabiri, ambalo linawasumbua Wakristo wa Kenya hadi leo. Alieleza kwamba pepo hawajui yajayo. Wao ni kama mtu anayeona mvua kubwa ikinyesha Ethiopia, anakimbia hadi Misri na kutangaza kwamba Mto Nile utafurika. Maji yanapofika, wajinga humsifu kuwa nabii. Kumbe alichokuwa nacho ni miguu ya kasi. Anayetaka mfano wa karibu zaidi amfikirie mhubiri ambaye wasaidizi wake huzungumza na wageni langoni, kisha yeye “anafunuliwa” majina na shida zao akiwa jukwaani.

Je, mtu atatofautishaje roho njema na mbaya? Kipimo cha Antonio kilikuwa rahisi. Kitokacho kwa Mungu, hata kikianza kwa kushtua, huiondoa hofu upesi na kuacha furaha na utulivu. Kitokacho kwa adui huacha hofu inayodumu, fikra zilizovurugika, chuki kwa wanaoishi maisha ya utawa na kukata tamaa. Isitoshe, aliwashauri wafuasi wake wamuulize kila mgeni wa namna hiyo: wewe ni nani, na umetoka wapi?

Swali hilo la mwisho lingewafaa waumini wengi wanaoambiwa kwamba kumuuliza mchungaji maswali ni kumgusa mpakwa mafuta wa Bwana.

Takribani miaka 1,200 baadaye, aliyekuwa mwanajeshi huko Hispania, Ignatius wa Loyola, alilishughulikia suala lilo hilo kwa jicho la askari. Alijeruhiwa mguu katika vita vya Pamplona mwaka wa 1521, akaokoka akiwa kitandani akisoma vitabu vya dini. Kitabu chake cha mazoezi ya kiroho kilichapishwa mwaka wa 1548.

Ignatius anasema adui huweza kuanza na mawazo mema yanayomfaa mtu mcha Mungu, kisha akamwongoza polepole kwenye lengo lake mwenyewe. Kwa sababu hiyo haitoshi kuupima mwanzo wa fundisho. Sharti mtu atazame mwanzo, katikati na mwisho. Mwisho ukiwa mbaya, nyoka amejulikana kwa mkia wake.

Aidha, analinganisha adui na mwanamume laghai anayemtongoza binti wa watu. Jambo analolichukia ni binti huyo kumweleza baba yake. Siri ikifichuka, mpango umekwisha. Kiongozi yeyote wa dini anayewakataza wafuasi wake wasiwasimulie jamaa zao yanayoendelea kanisani anapaswa kupimwa kwa ulinganisho huo.

MSHIPI KABLA YA UPANGA

Barua kwa Waefeso, sura ya 6, ndiyo chemchemi ya lugha ya vita inayotumiwa makanisani. Mtume Paulo, akijitaja humo kama balozi aliye katika minyororo, anachukua vazi la askari na kulipa kila kipande maana yake.

Wahubiri wengi hupenda kuruka hadi kwenye upanga. Ila kipande cha kwanza kinachotajwa ni kweli, iliyofungwa kiunoni kama mshipi. Kisha zinafuata dirii ya haki, viatu vya utayari wa Injili ya amani, ngao ya imani, chapeo ya wokovu, na mwishoni kabisa upanga wa Roho ambao ni neno la Mungu. Karibu vyote ni vya kujikinga. Na agizo linalorudiwa katika sura hiyo ni kusimama, wala si kuvamia.

Mpangilio huo unaafikiana na yale yaliyokwisha kusemwa. Ikiwa shambulio kuu la adui ni uongo, basi kinga ya kwanza haiwezi kuwa kelele. Ni ukweli: kuhusu Mungu, kuhusu nafsi ya mtu, na kuhusu jirani.

Sura hiyo hiyo inaeleza ni nani asiyekuwa adui. Vita, anasema mtume, si dhidi ya damu na nyama. Kwa maneno mengine, hakuna binadamu anayeweza kuwekwa kwenye nafasi ya Shetani, awe mama mkwe, jirani au ajuza anayeishi peke yake mwisho wa kijiji.

Agizo hilo limevunjwa nchini mara nyingi, tena kwa damu. Mnamo Mei 2008, wazee 11, wanawake wanane na wanaume watatu, walichomwa hadi kufa katika eneo la Kisii kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa kwa namna hiyo hiyo eneo la Marani, papo hapo Kisii. Huko Kilifi, wazee wenye mvi wameishi kwa hofu ya vijana wao wenyewe kwa miaka mingi, na baadhi yao wamelazimika kuhama makwao ili kunusuru maisha yao. Mara nyingi mgogoro wenyewe huwa wa shamba, na uchawi huwa kisingizio tu.

Ni kweli kwamba mauaji hayo hayaamrishwi mimbarani. Hata hivyo, mahubiri yanayomtafutia kila tatizo mtu wa kulaumiwa, yakidai kwamba “kuna mtu katika ukoo wako” aliyekufunga, huwapa wauaji lugha ya kuhalalisha wanachotaka kufanya. Hapo Ibilisi amefaulu kuwafanya wanaodai kupigana naye wamfanyie kazi yake ya ushtaki.

WALIOTEMBEA NURUNI

Afrika Mashariki ina historia tofauti ambayo vijana wengi hawaijui. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 ulikuwa nao na mazungumzo mengi kuhusu Shetani. Lakini silaha yake kubwa ilikuwa kukiri. Waumini waliita jambo hilo kutembea nuruni.

Mtu aliyeokoka alisimama mbele ya wenzake akataja dhambi yake kwa jina. Walioiba walirudisha mali: jembe, ng'ombe, au fedha za mwajiri. Waume waliwaomba wake zao msamaha, na wamishonari Wazungu wakawaomba msamaha Waafrika kwa kiburi chao, jambo lisilokuwa la kawaida enzi hizo za ukoloni. Desturi hiyo ilikuwa na kasoro zake, kwani wapo waliokiri makosa ya wenzao badala ya yao. Lakini shabaha ilikuwa kumnyima mshtaki kitu cha kushtakia. Kilichokwisha kusemwa hadharani hakiwezi kutumiwa kumtishia mtu gizani.

Uthabiti wa watu hao ulijaribiwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Kenya mwaka wa 1952. Wengi wa wafuasi wa uamsho katika nchi ya Wagikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao wakakataa vilevile kubeba silaha za serikali. Baadhi waliuawa. Mtu anaweza kutofautiana nao kuhusu siasa za ukombozi, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo, ila hawezi kusema kwamba walimchukulia binadamu yeyote kuwa shetani.

Mfano mwingine ulitoka Uganda. Baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa mnamo Februari 1977, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuwa mtoto wa uamsho huo, alitorokea Rwanda na mkewe. Mwaka uo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hakuwa akiutetea utawala ule, maana aliushutumu kila alikokwenda. Alikuwa akitenganisha mtu na uovu unaomtumia, jinsi Waefeso 6 inavyoagiza.

HOFU ILIVYOCHUKUA NAFASI

Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1980. Mahubiri na vitabu vya ukombozi kutoka Afrika Magharibi na Marekani vilifurika. Kimojawapo, ushuhuda wa Mnigeria Emmanuel Eni uliotolewa mwaka wa 1987, kilisimulia habari za makao ya mashetani chini ya bahari na kikasomwa kwa hamu na wanafunzi wa shule za bweni nchini.

Mnamo 1994, Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza madai ya kuabudu shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Matokeo yake yalifika Bungeni mwaka wa 1999. Kwa miaka hiyo yote, ajali ya matatu, moto shuleni, hata pete ya ajabu sokoni vilihusishwa na waabudu shetani. Barabara mbovu na mabweni yenye madirisha ya vyuma havikupata tume iliyozungumziwa kiasi hicho.

Ni rahisi kuwacheka watu wa wakati huo, lakini kicheko hakielezi kitu. Mwanatheolojia Mkenya John Mbiti, aliyefariki mwaka wa 2019, alionyesha katika maandishi yake kwamba kwa Mwafrika wa kawaida ulimwengu wa roho uko karibu, na kwamba Ukristo ulioletwa na wamishonari mara nyingi ulipita kando ya maswali hayo. Makanisa makubwa yalinyamazia majini na uchawi kana kwamba ni mambo yatakayoisha yenyewe kwa elimu. Ombwe hilo lilijazwa na waliokuwa tayari kulizungumzia, wenye hekima na matapeli kwa pamoja.

Matapeli walijulikana baadaye. Uchunguzi wa runinga uliopeperushwa Novemba 2014 ulionyesha jinsi dawa ya potasiamu pamanganeti, inayouzwa dukani, ilivyotumiwa kugeuza maji ya kuoshea miguu kuwa mekundu ili waumini waamini kwamba damu ya laana imewatoka. Walitakiwa pia kupanda mbegu ya Sh310 kwa simu. Serikali ilipopendekeza kanuni mpya za kusajili makanisa, viongozi wa dini wenye heshima zao walizipinga wakitaja uhuru wa kuabudu unaolindwa na Kifungu cha 32 cha Katiba, na mwanzoni mwa 2016 zikaondolewa.

Madhara makubwa zaidi yako katika afya. Mgonjwa wa kifafa anayeambiwa ana pepo huacha vidonge vilivyokuwa vikimtuliza, na kifafa kisichotibiwa huua. Mwenye maradhi ya akili hufungwa minyororo katika kambi za maombi. Anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi huambiwa kwamba kuendelea kuzimeza ni kukosa imani.

Biblia haiungi mkono ushauri huo. Paulo alipoandikia Timotheo kuhusu tumbo lake lililomsumbua mara kwa mara, hakumkemea pepo yeyote, alimshauri atumie mvinyo kidogo. Mwandani wake Luka alikuwa tabibu. Yesu alipowaponya wakoma kumi aliwatuma kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na mamlaka ya kuthibitisha kwamba ugonjwa umekwisha. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa.

Kanisa Katoliki nalo limeweka kizuizi. Sheria zake zinakataza mtu yeyote kumtoa mtu pepo kwa ibada rasmi isipokuwa padre aliyepewa idhini na askofu wake. Utaratibu uliofanyiwa marekebisho na kutangazwa mwaka wa 1999 unamtaka padre huyo ahakikishe kwanza kwamba hashughuliki na ugonjwa, na panapohitajika awashirikishe madaktari.

MSITUNI SHAKAHOLA

Yote hayo yanaurudisha mjadala Kilifi. Paul Mackenzie Nthenge alianzisha huduma yake mwaka wa 2003 na kujenga kanisa Malindi. Mahubiri yake yalijaa vita vya kiroho. Shule, hospitali na usajili wa Huduma Namba uliofanywa mwaka wa 2019 vilitajwa kuwa kazi ya yule mwovu au alama ya mnyama wa Ufunuo. Mwaka wa 2017 alikuwa ameshakamatwa na kushtakiwa kuhusiana na watoto waliozuiwa kwenda shule.

Kwa mujibu wa upande wa mashtaka, wafuasi waliohamia Shakahola waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Wapasuaji wa serikali waligundua kwamba wengi walikufa kwa njaa, na kwamba baadhi, watoto wakiwemo, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Mackenzie na washtakiwa wenzake walikanusha mashtaka ya mauaji, ya kuua bila kukusudia na ya ugaidi waliyosomewa mwaka wa 2024.

Hatia au kutokuwa na hatia ni jambo la mahakama. Fundisho lenyewe, hata hivyo, linaweza kupimwa na muumini yeyote mwenye Biblia. Lilianza na mambo ambayo Mkristo hawezi kuyakataa: dunia ina uovu, mfungo ni mwema, Kristo atarudi. Katikati likawaondoa watu kwa jamaa zao, madaktari na walimu, wote ambao wangeuliza maswali. Mwisho wake ulikuwa kaburi lisilo na jina msituni. Ignatius angeutambua mkia huo, na Antonio angeitambua sauti iliyowaambia watu wasile chochote.

Kikosi maalumu kilichoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi kilikabidhi mapendekezo yake kuhusu usimamizi wa mashirika ya kidini Julai 2024. Mwaka mmoja baadaye, katika kijiji cha Kwa Binzaro, Kilifi hiyo hiyo, miili mingine zaidi ya 30 ilifukuliwa. Kanuni zinaweza kumfungia mhubiri kanisa. Haziwezi kuingia katika fikra za aliyekwisha kumwamini.

Hilo lilidhihirika mapema. Mnamo Juni 2023, baadhi ya waliookolewa Shakahola wakiwa dhaifu waliendelea kukataa chakula katika kituo walikohifadhiwa, ingawa aliyewahubiria alikuwa kizuizini na hakuna aliyewalazimisha. Watu 65 walifikishwa katika mahakama ya Shanzu, Mombasa, wakishtakiwa kwa jaribio la kujiua. Wahudumu waliowauguza walikuwa na chakula, dripu na wanasaikolojia. Baadhi ya jamaa walisafiri kutoka mbali wakiwa na picha za zamani za familia, wakitumaini kwamba uso wanaoujua ungesadikiwa kabla ya neno lolote.